Nyapara Aliyesimama Nyuma ya Darasa

Aliyenitia wazo la ualimu kichwani alikuwa ananicheka. Nianze hapo, kwa sababu nikilificha hilo nitakuwa nimedanganya na mengine yote yanayofuata.

Mimi ni nyapara katika shamba la mahindi ya mbegu, nje kidogo ya Kitale. Kazi yangu hasa huja wakati mahindi yanapotoa maua. Mahindi ya mbegu hupandwa laini za kike na laini za kiume, na zile za kike lazima maua yake ya juu yang'olewe kwa mkono, yote, kabla hayajamwaga unga wake. Ua moja likibaki na mkaguzi akaliona, mnaweza kukataliwa shamba. Basi akina mama, wengi wao kutoka mtaa wa Kipsongo, wanaingia kila mmoja na laini yake, mikono juu, wanavuta wakitembea, na mimi nafuata nyuma. Nyapara hatangulii. Akitangulia ataona mahindi tu. Akifuata nyuma ataona kilichosahaulika. Nimefuata migongo ya watu miaka kumi na sita.

Siku moja nilikuwa naeleza kundi jipya namna ya kung'oa. Nilieleza mara ya kwanza nikaona kama hawajashika. Nikaeleza tena. Halafu nikang'oa ua moja, nikaeleza mara ya tatu nikiwa nimelishika. Mama mmoja ambaye amenizoea akapaza sauti, "Nyapara, wewe ungekuwa ticha, bana! Si unarudia kitu kimoja mpaka hata mahindi inasinzia."

Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka. Lakini jioni nikaandika katika daftari langu: Leo nimeambiwa ningekuwa mwalimu. Ile sehemu ya kusinzia niliiacha. Ndiyo maana naiweka hapa.

Nina miaka arobaini na moja. Nilimaliza kidato cha nne Bungoma kwa alama ambayo mtu akiulizwa huitaja haraka haraka kisha anauliza habari za mvua. Darasa la tatu nilirudia, na si kwa sababu ya karo, ni kwa sababu kichwa kilikuwa hakishiki. Mwalimu wetu alijaribu, siwezi kumlaumu. Sasa mtu wa namna hiyo anakaa na kuwaza kwamba atasimama mbele ya watoto wa wenyewe, katika shule ya umma, awafundishe. Niliona haya hata kuwaza, lakini niliendelea kuwaza mwaka mzima.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa gredi ya nne huko Matulo, karibu na Webuye. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kule Bungoma kuna chuo kinachofundisha walimu wa chekechea, na kwamba hata alama yangu ile ya haraka haraka inakubalika, na ukimaliza unaweza kuajiriwa na kaunti ukapangwa katika shule ya msingi. Halafu akasema kwenye simu, "Lakini wewe na watoto wa miaka mitano, sijui. Kuja kwanza wiki moja ujaribu. Mwalimu wetu wa chekechea yuko likizo ya uzazi. Nitaongea na mwalimu mkuu."

Nilimwambia mke wangu. Yeye anauza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara, na mikono yake haikuacha kufunga mafungu.

"Mwalimu wa nasari," akasema.

"Chekechea."

"Ni hiyo hiyo. Mwanaume mzima na ndevu, ukiimba ukiruka." Akafunga fungu lingine. "Watoto wetu ukiwafunza hesabu wanalia, na wewe mwenyewe unalia."

Hiyo ilikuwa kweli, ingawa mimi nililia mara moja tu. Kusema haki, aliongeza kwamba nikitaka kwenda niende, bora nisirudi nusu nusu. "Usije hapa ukakaa ukisema ningeenda, ningeenda. Hiyo siwezi. Enda uone, halafu useme ndiyo ama la."

Meneja wa shamba naye alinipa ruhusa ya wiki hiyo, kwa sababu mvua ilikuwa bado na kazi ilikuwa ya kuchambua mbegu tu, lakini alinipa na mpaka. Jumamosi nimwambie kama nitasimamia msimu unaokuja au atafute nyapara mwingine. Aliniambia wazi kwamba nafasi hiyo wapo watu watatu wanaoitazama. Kwa hiyo haikuwa matembezi. Nilikuwa naenda Matulo kujua kama mimi ni mwalimu, na nilikuwa na siku tano.

Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu alinipokea ofisini. Ni mama mpana, mtaratibu, anayekutazama juu ya miwani kana kwamba miwani yenyewe ni ya kusoma watu wengine. Akanipa chaki mbili. "Mulembe," akanisalimia kwa Kiluhya, "hawa wako arobaini na wawili. Hawaumi." Akanipeleka mlangoni akarudi zake.

Nilisalimia, wakaitikia kwa kuimba, yale maitikio marefu ambayo mtu hajui yanaishia wapi. Nikaandika herufi kubwa ubaoni. Halafu, na hapa naapa sikufikiria, miguu yangu ikanipeleka. Nilipita katikati ya madawati nikaenda mpaka ukuta wa nyuma, nikageuka, nikasimama mikono mgongoni. Ilionekana sawa kabisa. Nikaona migongo yote arobaini na miwili, laini sita, na moyo ukatulia.

"Someni," nikasema.

Wakageuka wote wakanitazama.

"Tazameni mbele."

Wakatazama mbele. Nikasema, "Hii ni herufi gani?" Wakageuka tena kunijibu. Nikawarudisha. Nikauliza tena, wakageuka tena. Nikaanza kuona darasa hili lina utundu. Sasa najua hawakuwa na utundu wowote. Kwao huko mtoto akiongeleshwa na mtu mzima lazima amtazame, asipomtazama ni dharau, na mama zao walikuwa wamewafunza vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wanidharau.

Mtoto mmoja, mwenye sweta iliyomfika magotini, akanyoosha mkono. "Kuka," akasema, yaani babu, "si uende mbele?"

"Mimi si kuka, mimi ni ticha."

"Ticha, si uende mbele?"

Nikamwambia atazame ubao. Basi watoto wakatafuta njia yao wenyewe. Kabla ya uji wa saa nne, kidogo kidogo, huku na huku, walikuwa wamegeuza madawati yakanielekea. Na mimi, mtu ambaye analipwa kuona kila kitu kilichosahaulika, sikuona ubaya wowote. Niliona tu kwamba sasa wametulia.

Hapo ndipo mwalimu mkuu alipofungua mlango ulioko karibu na ubao. Akakuta migongo arobaini na miwili na ubao wenye herufi moja, na mwalimu huko mwisho amejibandika ukutani kama kalenda. 

"Darasa hili limeninunia?" akauliza.

Jioni nyumbani kwa dada yangu habari ilikuwa imenitangulia. Walimu wote walikuwa wameisikia wakati wa chai. Dada yangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Eleza tena. Ulifika nyuma, halafu?"

"Nimeeleza mara mbili."

"Hapana, pale kwa kalenda."

Nilipomweleza kwamba nyapara hukaa nyuma, akakaribia kuacha kucheka. "Ndugu yangu, mahindi haina haja ya kukuona. Mtoto anataka akuone. Hiyo ni karibu kazi yote." Akaokota mwiko. "Nitakusaidia."

Msaada wake ulikuwa hivi. Jumanne asubuhi, kabla sijaanza, aliingia darasani kwangu na chaki akachora mstari sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta, kati ya ubao na madawati ya kwanza. Akawaambia watoto, "Ticha wenu anakaa upande huu. Akivuka mstari, mumwambie." Akaondoka. Sidhani alijua alichofanya. Nilimuuliza baadaye, akasema alijua, lakini ni dada yangu na nina haki ya kutia shaka.

Sikuwa nimemaliza kuandika siku ubaoni. Nikageuka kuangalia mtoto aliyekuwa anapiga chafya, nikapiga hatua.

"Ticha umevuka!"

Darasa zima. Nikarudi. Baada ya muda nikasahau, miguu ikaenda.

"Umevuka tena! Mara mbili!"

Aliyesema mara mbili ni yule wa sweta ndefu. Kuanzia hapo wakawa wanahesabu. Mara tatu, mara nne. Nilipofika mara kumi walipiga makofi. Mpango wa somo niliokuwa nimeachiwa ulisema wiki hiyo watoto wahesabu hadi ishirini, na wengi walikuwa wakikwama pale kumi na tatu, wanaruka hadi kumi na sita. Basi Jumatano, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, darasa lote lilihesabu makosa yangu hadi ishirini na tatu bila kuruka hata moja, kwa sauti iliyofika barabarani.

Nimejiuliza sana kama huko ni kufundisha. Sikukusudia. Mtu akianguka mtaroni na watu wakajifunza mtaro uko wapi, hatuwezi kusema amewafundisha. Kwa upande mwingine, walikuwa hawajui kumi na nne, na sasa wanaijua. Naandika yote mawili.

Lipo jambo lingine la siku hizo ambalo lilinipandisha kichwa, na lazima niliseme pia jinsi lilivyonishusha. Siku ile ya Jumatatu madawati yalipogeuka, waliokuwa nyuma walijikuta mbele yangu. Kati yao alikuwa msichana mmoja mkimya ambaye asubuhi hakuwa amejibu kitu. Nilikuwa na kitabu cha picha mkononi, na yeye akawa anataja kila kitu, jogoo, jembe, kikombe, upesi kuliko wenzake. Jumanne, madawati yakiwa yamerudi na yeye yuko nyuma tena, akawa bubu. Nikamchunguza. Akitazama ubao alikuwa anakunja uso kama mtu aliyeonja ndimu. Haoni mbali! Ni mimi niliyegundua. Ni kwa sababu nilisimama nyuma. Nilitembea njia nzima hadi kwa dada yangu nikijieleza jambo hilo, mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimejisifu kidogo zaidi.

Alhamisi nikampelekea mwalimu mkuu habari. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho. Halafu akafungua kabati, akatoa daftari la mwalimu aliye likizoni, akanionyesha ukurasa. Lilikuwa limeandikwa siku nyingi zilizopita, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Mtoto haoni mbali. Mama ameitwa, amekuja, ameahidi kumpeleka hospitali wakivuna. Akae dawati la kwanza.

"Kwa hivyo kwa nini anakaa nyuma?" nikauliza.

"Kwa sababu binamu yake anakaa nyuma," akasema, "na wewe hukujua ni makosa, naye hakukwambia. Mrudishe mbele. Na binamu pia."

Nikawarudisha wote wawili. Yule msichana alinitazama kama mtu aliyeshikwa. Mimi pia nilijisikia nimeshikwa. Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu, ambacho ni cha watoto kwa hiyo magoti yalikuja karibu na masikio, nikawaza kwamba huyo mwalimu aliye nyumbani akimnyonyesha mtoto bado anafundisha hili darasa vizuri kuliko mimi niliye ndani yake. Nikachukua simu kumwandikia meneja kwamba narudi. Niliandika, nikafuta. Si kwa ushujaa. Watoto walikuwa wanapigania chaki.

Ijumaa mwalimu mkuu alisema atakaa darasani kunitazama, kisha ataniambia anavyoona. Nilimwomba asinifiche kitu. Akasema hana desturi hiyo.

Nilijitayarisha kuliko siku zote. Nilipiga pasi shati. Nilipanga herufi, nikapanga wimbo, na zaidi ya yote niliapa kwamba mguu wangu hautavuka ule mstari. Na haukuvuka. Nusu saa nzima nilisimama upande wangu, nyuma ya mstari wa chaki, nimenyooka. Niliuliza maswali kwa utaratibu. Watoto walijibu kwa utaratibu. Lakini nilikuwa naona macho yao hayako kwa uso wangu wala kwa ubao. Yote themanini na manne yalikuwa kwa viatu vyangu. Wanangoja. Nikisogea kidogo wanainuka kidogo, nikirudi wanakaa. Kisha wakachoka kungoja. Mmoja akalaza kichwa. Darasa likawa kimya, ule ukimya wa mkutano wa chifu.

Mwalimu mkuu aliandika kitu.

Ndipo yule wa sweta ndefu aliponyoosha mkono, akasema kwa sauti ndogo ya mtu anayebembeleza, "Ticha, vuka kidogo tu."

Nilimtazama mwalimu mkuu. Yeye alikuwa anatazama karatasi yake, hakunisaidia. Nikatazama ule mstari. Nikainua mguu juu, juu kabisa kama mtu anayevuka mtaro wa maji, nikauweka ng'ambo.

"Moja!"

Nikarudi nyuma. Nikavuka na mguu mwingine. "Mbili!" Nikavuka kwa kuruka, kitu ambacho mke wangu alikuwa ametabiri, nikawaambia kila mmoja akiona nimevuka ataje pia kitu kinachoanza na herufi iliyoko ubaoni. Tulifika kumi na saba, tukamalizia na ule wimbo. Yule msichana wa dawati la kwanza alitaja mbuzi, mbwa na mbelewele, yale maua ya juu ya mahindi, na hilo la mwisho sikumfundisha mimi. Nilikuwa na jasho mgongoni kuliko siku ya kung'oa maua.

Baadaye, ofisini, mwalimu mkuu aliniwekea chai.

"Ile nusu saa ya kwanza," akasema, "hukukosea hata mara moja, na hakuna aliyejifunza kitu. Ile robo saa iliyofuata ulikosea mengi. Uliacha wale wa laini ya mwisho. Na wimbo umeuchana."

"Ndiyo, madam."

"Kwa hiyo umeniuliza kama wewe ni mwalimu. Hapana. Si mwalimu."

Nikaweka kikombe chini. Nilitaka kumshukuru kwa ukweli wake, na kweli nilimshukuru, nikiwa tayari nimesimama kutoka.

"Ngoja, baba, mbona una haraka?" akasema. "Wanaojua tayari hatuwapeleki chuo. Chuo kiliwekwa kwa sababu watu hawajui. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliwaachilia watoto waende nyumbani saa nne, nikidhani ni saa saba. Ulichoniuliza si kile ulichopaswa kuniuliza. Ungeniuliza kama watoto wangekubali urudi Jumatatu."

"Wangekubali?"

"Waulize. Mimi si mtoto."

Sikuwauliza. Niliogopa kidogo, na pia kengele ilikuwa imelia na walikuwa wametoka mbio. Lakini wanne walirudi mlangoni kuniuliza kama Jumatatu tutaanzia moja au tutaendelea kutoka kumi na saba. Niliwaambia mwalimu wao ataamua. Nilijuta kidogo kusema hivyo, kwa sababu ilikuwa kweli.

Jumamosi nilimpigia meneja. "Sitasimamia msimu huu," nikamwambia. Akasema, "Nyapara, wacha mchezo. Mahindi haikuulizi maswali." Nikamwambia hiyo nimeigundua. Aliniambia nikibadilisha nia nisimpigie, kwa sababu atakuwa ameshamchukua mmoja wa wale watatu. Alikuwa na haki. Nilipokata simu sikujisikia jasiri hata chembe. Nilijisikia kama mtu aliyeuza ng'ombe wa maziwa akanunua kengele.

Jumatatu nilikuwa Bungoma, chuoni, katika foleni ya kurudisha fomu. Mbele yangu na nyuma yangu walikuwa vijana watupu, wengi wasichana, na mmoja alinipisha akidhani nimekuja kuona mkuu. Nilipofika dirishani karani akaisoma fomu yangu.

"Mzee, hapa kwa tarehe ya kuzaliwa umeandika yako. Tunataka ya mtoto."

"Ni yangu."

"Ndiyo, ndiyo nasema. Tunataka ya mtoto. Mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akaitazama fomu, akanitazama, akarudi kwa fomu. Vijana nyuma yangu walianza kucheka chini chini, na siwalaumu, ningecheka pia. Karani alijikaza. "Sawa, baba. Karibu. Lakini hapa kwa mzazi au mlezi umeacha wazi. Lazima kuwe na mtu. Ukiugua, ukikosa adabu, tunampigia nani?"

Nilisogea kando nikampigia mke wangu Kitale. Nilisikia watu wakimuuliza bei ya nyanya.

"Nimewacha kazi ya shamba," nikamwambia. "Niko chuoni. Wanataka mlezi. Nikuandike?"

Kwanza akawajibu wateja bei. "Kwani siku hizi zote ni nani amekuwa akikulea?" akasema. "Andika. Lakini siku ya wazazi nikiitwa nije, usiniaibishe." Kisha nikamsikia akimwambia mteja asubiri kidogo, anaongea na mwanafunzi wake.